Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: mpangaji akifungiwa mlango aende wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Dodoma.

Yah: Mikataba ya upangaji wa nyumba za kuishi na mahali pa kushtakia

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina steshenari ndogo Dar es Salaam, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi ya serikali ya mtaa. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Ila kazi inayolipa pango la fremu yangu ni kuchapa mikataba ya upangaji. Mwenye nyumba anakuja na mpangaji wake, au anakuja dalali peke yake na majina mawili kwenye kikaratasi. Nafungua faili, nabadilisha majina, tarehe na kiasi, natoa nakala tatu, wao wanavuka barabara kwenda kugongewa mhuri.

Faili hilo sikuliandika mimi. Nilirithishwa pamoja na kompyuta, na aliyeniuzia kompyuta naye alilipata kwa mwingine. Nimeshaona ndugu zake kutoka Temeke, kutoka Ubungo, hata kutoka Kibaha, yakiwa na makosa yaleyale ya tahajia. Mikataba mingine inaletwa kwangu kutolewa kopi huku kipengele cha saba bado kina jina la mpangaji wa nyumba nyingine kabisa, mtu ambaye huenda alishahama mji.

Nakuandikia kwa sababu faili hilo ndilo sheria ya upangaji wanayoijua wakazi wengi wa jiji hili, ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni tano. Sheria za Bunge hawajawahi kuzishika mkononi. Hili la steshenari wanalo kwenye begi la nguo, limekunjwa mara nne.

Linasema nini? Linasema kodi ikishalipwa hairudishwi kwa hali yoyote ile. Linasema matengenezo yote ya ndani ni juu ya mpangaji, na neno "ndani" halikufafanuliwa, ndiyo maana nimeshuhudia bomba lililopasuka chini ya sakafu likihesabiwa kuwa la ndani. Halafu kuna kipengele ambacho kila nikikichapa mkono unakuwa mzito: "Mpangaji akichelewa kulipa kodi, mwenye nyumba atakuwa na haki ya kumtolea vyombo nje bila kuulizwa na mtu yeyote wala chombo chochote." Watu wanasaini hilo. Wanasaini kwa sababu dalali keshachukua chake, walikotoka wameshaaga, na kirikuu kilichobeba kitanda kiko nje, dereva anapiga honi.

Sasa weka karatasi hiyo pembeni ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Sheria hiyo ina sehemu nzima ya upangaji, na ndani yake mna wajibu ambao mwenye nyumba anakuwa nao hata kama mkataba haukuutaja. Mpangaji akae kwa amani bila kubughudhiwa. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kuishi binadamu siku anapoingia, na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Aliyepanga sehemu tu ya nyumba, yaani karibu sisi wote wa vyumba vya uswahilini, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia za pamoja vinabaki mikononi mwa mwenye nyumba. Na kodi za Serikali na tozo za nyumba ni juu yake yeye mwenye nyumba, isipokuwa pale mkataba uliposema vinginevyo. Upangaji wa mwezi kwa mwezi nao hauvunjwi kwa kuamka asubuhi na hasira. Unataka notisi isiyopungua kipindi chenyewe cha upangaji.

Kuna kingine humo ambacho nakitaja kwa makusudi, kwa ajili ya ndugu zetu wa bonde la Msimbazi. Nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko, bila uzembe wa mpangaji, hata isikalike, kodi inasimama yote au kwa kiasi cha uharibifu mpaka nyumba ifae tena. Na ikipita miezi sita bila kurekebishwa, mpangaji anaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Fikiria masika yote tuliyoyaona, Jangwani, Kigogo, Tandale. Fikiria wangapi walikuwa wamelipa miezi sita, maji yakaingia wiki ya tatu, wakahamia kwa shemeji, na hela yao ikaishia hapo. Wakiuliza wanaonyeshwa kipengele: hairudishwi kwa hali yoyote ile. Faili la steshenari likaishinda sheria ya nchi, wala hapakuwa na hakimu.

Mheshimiwa, wazee wa hapa mtaani wanakumbuka Mabaraza ya Nyumba. Sheria ya udhibiti wa kodi za pango ya 1984 ilikuwa na baraza lake kila mkoa, na chini yake mwenye nyumba hakuweza kumtoa mpangaji mpaka apate amri, tena kwa sababu zilizoorodheshwa. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Sitaki unielewe vibaya: siiombi irudi ilivyokuwa. Ilipanga na kodi yenyewe, na kodi ikipangwa na ofisi kwa muda mrefu mwenye nyumba anaacha kupaka hata chokaa, na anayetaka kujenga anaona bora anunue daladala. Aliyesema ile sheria inawakimbiza wajenzi hakusema uongo.

Ila ilipofutwa, vilifutwa vitu viwili kwa mpigo. Bei ya Serikali iliondoka, sawa. Baraza nalo likaondoka, pamoja na ule ulinzi kwamba hutolewi nje mpaka mtu wa tatu asikilize. Cha kwanza hatukidai. Hicho cha pili ndicho tunachokililia, na barua hii yote ni kwa ajili yake.

Utaniambia tunayo mabaraza ya ardhi, na ni kweli, yapo kisheria tangu 2002. Basi nikueleze safari ya mteja wangu mmoja, mama ntilie, uone njia yenyewe inavyopitika. Jina lake silitaji na la mwenye nyumba wake silitaji.

Alichelewa kodi. Hilo alilikubali tangu mwanzo, alikuwa ameuguliwa na mtoto. Alirudi kutoka hospitali akakuta kufuli lake liko palepale, na juu yake kuna kufuli jingine jipya, kubwa, bado lina karatasi ya bei. Ndani mlikuwa na sufuria za biashara, jiko la gesi, sare za watoto za shule na gunia la mchele la nusu. Kwa hiyo deni lilikuwa la kodi, lakini kilichofungwa ni kazi ambayo ingelilipa deni.

Akaenda kituo cha polisi. Akaambiwa hayo ni madai, siyo jinai, aende kwenye mabaraza. Akaenda serikali ya mtaa, akapewa barua ya wito ampelekee mwenye nyumba kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye nyumba akaikunja akaiweka mfukoni. Akaenda kata. Huko tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, na lina hadi siku 30 za kufanya hivyo kabla mtu hajaruhusiwa kusonga mbele kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mimi sina ugomvi na usuluhishi. Wajumbe wa kata, ambao kisheria ni kati ya wanne na wanane na angalau watatu wawe wanawake, wengi wana busara kuliko mawakili. Lakini siku 30 za kusuluhishwa ni nzuri kwa wanaogombea mpaka wa shamba. Shamba halihami. Mtu aliyefungiwa sufuria zake anahitaji kufunguliwa leo jioni, hayo ya nani ana makosa yazungumzwe kesho.

Alifika kwangu nimchapie malalamiko ya kwenda wilayani. Nikauliza kama ana mkataba. Alikuwa nao, tena una mhuri mkubwa wa serikali ya mtaa, akanionyesha kwa kujiamini. Ikabidi nimweleze jambo linaloumiza kulisema: mhuri ule siyo stempu. Mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi, na usiolipiwa unaweza kukataliwa kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe na faini juu. Mtaa walichukua hela ya mhuri, hawakumwambia neno. Dalali alichukua kodi ya mwezi mzima, hakumwambia neno. Na mimi, kusema ukweli, kazi yangu ilikuwa kuchapa.

Hakwenda wilayani. Alikopa kwenye kikundi, akalipa deni na "gharama za usumbufu" zilizopangwa na mwenye nyumba peke yake, akafunguliwa, akahama wiki hiyohiyo. Kwenye takwimu zenu huyo hayupo. Hakuna shauri lililofunguliwa, kwa hiyo hakuna mgogoro. Nahisi ukiletewa ripoti ya migogoro ya upangaji mezani kwako utaona ni michache, ufurahi.

Kuna jingine linalowazungusha watu. Ukifika na shauri la kodi ya pango, huku unaambiwa hili ni la ardhi, nenda baraza. Kule unaambiwa hili ni deni la mkataba, nenda mahakama ya mwanzo. Mwenye elimu ya sheria anaweza kuona hapo pana mjadala mtamu. Mpangaji anaona nauli.

Msaada wa kisheria upo, na sitaki kuwavunjia heshima wanaoutoa. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, tuna wasaidizi wa kisheria kwenye kata, tuna mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na vyama vya wanasheria wanawake, na tangu 2023 tuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Mteja wangu akiniuliza aende wapi, huko ndiko ninakomwelekeza, na ningemshauri msomaji yeyote wa barua hii afanye hivyo kabla hajasaini wala hajatoa vyombo. Lakini mwanasheria wa bure akishika faili atakupeleka palepale: kata, siku 30, wilaya. Hawezi kukutengenezea njia ambayo sheria haikuiweka.

Sasa fedha. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, baada ya nyongeza ya Julai 2025, anapokea shilingi 500,000 kabla ya makato. Chukulia amepata chumba na sebule cha 120,000 kwa mwezi, bei ya kawaida huku kwetu kwa sehemu yenye maji ya kusuasua. Kwa mwezi inaonekana anaimudu. Lakini hakuna atakayempokea kwa mwezi. Ni miezi sita mkononi, 720,000, na mwezi mmoja wa dalali, 120,000. Jumla 840,000 kabla hajalipa kirikuu na kabla hajanunua pazia. Ni zaidi ya mshahara wa mwezi mzima na nusu bila kula. Anakopa, mara nyingi kwa hawa wa mikopo ya kwenye simu wanaopigia ndugu zako wote ukichelewa siku mbili. Miezi sita ikiisha hajamaliza deni, na kodi imepanda.

Na huyo ana mshahara. Bodaboda, mchuuzi, fundi, hao hela yao inaingia kwa siku lakini wanadaiwa kwa nusu mwaka.

Ukishalipa miezi sita, huna tena cha kushikia. Bati likivuja mwezi wa pili utamwambia nini mwenye nyumba? Kwamba utahama? Hama. Hela yako anayo. Ndiyo maana nasema suala la malipo ya mbele haliko mbali na suala la haki. Yule aliyelipwa yote mwanzoni hana sababu ya kupokea simu yako.

Tumesikia kwa miaka mingi kwenye hotuba za Wizara kwamba sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na viwanja, inaandaliwa, kwamba kutakuwa na chombo, kwamba madalali watasajiliwa, kwamba kudai kodi ya miezi sita au mwaka kutakomeshwa. Mawaziri wamekuja na kuondoka. Maelezo tunayopewa kila mara ni kwamba jambo ni gumu, mikataba ni ya watu binafsi, Serikali haiwezi kuingia chumbani kwa mtu.

Mheshimiwa, Serikali ilishaingia chumbani kwangu zamani. Agosti 2021 iliingia kupitia LUKU. Kodi ya jengo, ambayo ni ya mwenye jengo, ikaanza kukatwa kwenye umeme, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Anayenunua umeme ni nani? Ni mimi mpangaji. Tuliambiwa tuelewane na wenye nyumba waturudishie. Nenda kaelewane na mtu ambaye hujui hata anaishi wapi, unayemjua kwa namba ya simu ya dalali! Halafu ikaja kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango, mpangaji akaambiwa akate yeye kwenye kodi anayolipa aipeleke TRA. Yaani mtu asiyeweza kumwomba mwenye nyumba azibue choo ndiye alitarajiwa amkate hela.

Na Machi 2025 zilitoka kanuni za kukataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Pango nalo limo. Wale wa Masaki na Oysterbay waliozoea kutaja dola wakatakiwa kutaja shilingi. Ilikuwa hatua nzuri, niliifurahia. Lakini ilinithibitishia kwamba Serikali ikitaka, mkono wake unafika ndani ya mkataba wa pango bila kusubiri miaka.

Najua na upande wa pili. Nusu ya wateja wangu ni wenye nyumba, na wengi siyo matajiri. Kuna bibi hapa jirani, mjane, vyumba vitatu vya uani ndiyo pensheni yake. Mpangaji wake mmoja alikaa miezi minne bila kulipa, akatukana, akaondoka usiku na taa za ukumbini. Bibi yule naye hakuwa na pa kwenda. Alipoambiwa afungue shauri akahesabu nauli, akahesabu miezi, akaona bora kufuli. Kwa hiyo kufuli la juu ya kufuli siyo ukatili mtupu. Mara nyingi ni hukumu ya mtu aliyekosa baraza. Mpeni bibi amri ya kumtoa mdaiwa sugu ndani ya wiki mbili tatu na hatakuwa na haja ya kununua kufuli. Na miezi sita ya mbele anaidai kwa hofu hiyohiyo: hajui kama atalipwa mwezi wa pili, na hana wa kumsaidia asipolipwa. Hili wanaotutetea wapangaji huwa wanalipita haraka, mimi silipiti kwa sababu nawachapia wote wawili.

Majirani wametutangulia, kwa uzuri na kwa makosa. Uganda walitunga sheria ya mwenye nyumba na mpangaji mwaka 2022, na kule kumtoa mtu bila amri ya mahakama ni kosa. Kenya wana baraza lao la kodi za nyumba, lakini sheria yake inawalinda wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichoandikwa zamani kikaachwa humo. Leo hata kibanda cha mabati Nairobi kinaweza kukizidi. Tukitunga yetu, viwango vikae kwenye kanuni ambazo Waziri anaweza kuzirekebisha, visije vikagandishwa ndani ya sheria. (Zanzibar siwasemei. Ardhi siyo jambo la Muungano, wao wana wakubwa wao wa kuwaandikia.)

Ninachokuomba kinagawanyika, kwa sababu kingine hakihitaji Bunge hata kidogo.

Mkataba wa mfano, kwa Kiswahili, kurasa mbili, utolewe na Wizara yako. Kiswahili kilishafanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama mwaka 2021, kisingizio cha lugha hakipo. Uwe na nafasi za majina, kiasi, namna ya kulipa, hali ya nyumba siku ya kuingia, nani anatengeneza nini, notisi ni ya muda gani, kodi ya jengo inarudishwaje, na chini kabisa namba ya kupiga na jina la baraza la eneo husika. Sitaki uwe wa lazima siku ya kwanza. Uweke tu kwenye tovuti ya Wizara na upeleke kwenye kila ofisi ya mtaa, utaona utakavyosambaa. Faili baya lilisambaa nchi nzima bila hata senti ya bajeti.

Mwenzako wa TAMISEMI awaelekeze watendaji wa mitaa kwamba mkataba wenye kipengele cha "bila kuulizwa na chombo chochote" haugongwi mhuri. Basi. Na anayegonga amwambie mpangaji na mwenye nyumba habari ya stempu ya TRA palepale, kwa mdomo, kabla hajapokea hela ya mhuri.

Polisi nao wapewe mwongozo. Kumfungia mtu vyombo vyake, kung'oa mlango, kuezua bati mtu akiwa ndani, kukata maji ili ahame, mambo haya yasiishie kwenye "hayo ni madai". Deni ni madai, sikatai. Lakini kuchukua mamlaka ya hakimu ukajihukumia mwenyewe, hilo ni jambo jingine, na sheria mpya ilitaje waziwazi kuwa kosa, lenye adhabu, kwa mwenye nyumba na kwa dalali aliyetumwa.

Sheria hiyo mpya ndiyo inayohitaji Bunge, na humo nina mambo machache. Shauri la mpangaji na mwenye nyumba wa nyumba ya kuishi liwe na mlango mmoja unaojulikana, lisizungushwe kati ya baraza na mahakama. Liwe na amri ya dharura ya siku hiyohiyo ya kufungua mlango, na liwe na amri ya haraka ya kumtoa asiyelipa. Mizani iwe sawa pande zote mbili. Malipo ya mbele yasizidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Kuna wanaotaka uwe mwezi mmoja, mimi nadhani hiyo ingevunjwa kesho yake kwa makubaliano ya pembeni, tukabaki na sheria nzuri isiyofuatwa na yeyote. Mitatu inavumilika kwa bibi wa vyumba vitatu na inabebeka kwa mwenye 500,000. Kila malipo yawe na risiti au yapite kwenye simu. Dalali asajiliwe, na ujira wake alipwe na aliyemtuma. Leo anatumwa na mwenye nyumba, analipwa na mpangaji, na ugomvi ukizuka hamjui yeyote.

Na hili la LUKU lirekebishwe kwenye sheria ya fedha inayokuja. Mita isomeke kwa jina la mwenye jengo na deni limfuate yeye, au kiasi kilichokatwa kionekane kwenye ujumbe wa tokeni kama makato halali kwenye kodi ya pango, ili mwezi wa kulipa nimpunguzie mwenye nyumba bila kugombana. Ninyi ndio mlioweka makato hayo humo. Kuyarudisha kwa mwenyewe haliwezi kuwa jukumu la mama ntilie.

Waheshimiwa wabunge mnaosoma barua hii, hasa wa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya: wapiga kura wenu wengi ni wapangaji. Hawana chama, hawaandamani, na wengi wanahama kata kabla uchaguzi haujafika, kwa hiyo ni rahisi kuwasahau. Ulizeni swali moja tu la nyongeza kwenye kikao cha bajeti: muswada wa sekta ya milki unasomwa lini kwa mara ya kwanza? Mtajiwe mkutano wa Bunge, msikubali jibu la "uko kwenye hatua mbalimbali".

Mheshimiwa Waziri, wakati muswada ukisubiriwa nimeshafanya linaloniwezekana. Kile kipengele cha kutoa vyombo nje nimekifuta kwenye faili langu. Wenye nyumba wawili waliniuliza kimekwenda wapi, mmoja akakubali maelezo, mwingine akaenda steshenari ya jirani ambako bado kipo. Ukituma mkataba wa mfano nitauchapa bila malipo kwa kila mpangaji na kila mwenye nyumba atakayeuomba kwa jina, na jirani yangu nitampelekea nakala mimi mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpangaji na mchapaji wa mikataba,
Dar es Salaam.

Nakala:
Waziri wa Katiba na Sheria
Waziri wa Nchi – TAMISEMI
Waziri wa Fedha
Waheshimiwa wabunge wote wa majimbo ya mijini
Wenyeviti wa serikali za mitaa, tafadhali ibandikeni ubaoni